Kutafuta Jino la Cecilia

Matombo
4 Februari 2024

Mwanangu Devotha,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini hujambo, mumeo Athanas hajambo, na mjukuu wangu Cecilia, mke mwenzangu, naye hajambo. Mimi sijambo kwa kiasi changu. Magoti yanalalamika nikipanda kilima, nikishuka yananyamaza, basi nimekuwa mtu wa kutamani kushuka tu. Ndizi zipo, mdalasini upo, na nyani nao wapo, wanakula kabla yangu.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu yangu huipokei. Kaka yako Fidelis alinipandisha mpaka pale juu penye mtandao, nikapiga, ikaita kidogo ikakatwa. Barua haina kitufe cha kukata. Ukitaka kuichana utaichana, lakini utakuwa umeshaigusa. Nimempa Abdulatif, yule dereva wa fuso la ndizi, naye ameniahidi kuifikisha mpaka mlangoni kwako Bigwa.

Fidelis alipotoka huko kwenu Krismasi aliniambia jino la mbele la Cecilia bado halijaota. Wenzake wa umri wake wameota yale meno mapana, yeye analo moja, na pembeni yake pengo. Tangu nisikie hivyo sina raha. Unajua nilivyolitafuta lile jino siku aliyoanguka. Nilipiga magoti pale mlangoni, kwenye jiwe alilojigonga, nikapekua majani yote, sikuliona. Ulipofika kutoka mjini ulinikuta nimejaa udongo mpaka viwikoni. Na kwa kuwa jino lisiporushwa juu ya paa, panya akaambiwa alichukue alete jipya, jipya halioti, nikarusha punje ya hindi jeupe badala yake. Nikasema panya ni panya, hatajua tofauti. Hata wewe ulicheka kidogo, japokuwa ulikuwa unalia. Sasa naona panya alijua.

Devotha, miaka sita hujamleta mtoto huku. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Hii migomba ni yake kabla haijawa ya mtu mwingine, lakini hata njia ya kuja kwake haijui. Ninaloomba ni moja tu: likizo ya Desemba mlete nimwone. Sitamwacha atembee peke yake hata hatua moja. Ikibidi nitambeba mgongoni kwa kanga, hata kama miguu yake inaburuza chini.

Mama yako,
Catherine


Bigwa
25 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Athanas bado yuko kiwandani Mzinga, anaingia zamu. Mimi niko na cherehani yangu. Msimu wa sare za shule umekwisha na mgongo nao umekwisha.

Barua nimeipata. Sikuwa na nia ya kuijibu, ila Abdulatif amepita tena leo, amesimama mlangoni na kusema haondoki mikono mitupu. Basi najibu.

Ndiyo, jino halijaota. Shuleni wanamwita Pengo. Mwalimu akiuliza swali anajua jibu lakini hanyooshi mkono, kwa sababu akishasimama itabidi afungue mdomo. Kwaya ya Utoto Mtakatifu ameacha. Akicheka anavuta kola ya sweta mpaka puani. Hapa Bigwa kuna joto, mama, na mtoto anavaa sweta.

Nilikuachia mtoto mzima, nikachukua mtoto mwenye mdomo uliovimba kama andazi. Ulisema ulikuwa unaanua pilipili manga, ukageuka kidogo tu. Huko kugeuka kwako kidogo ndiko ninakokuona kila asubuhi nikimpigisha mswaki. Akiniuliza kwa nini yeye hana jino namwambia ukweli, kwamba bibi yake hakumwangalia. Siwezi kumficha mwanangu jambo linalohusu uso wake mwenyewe.

Desemba haji. Na usinitumie ndizi.

Devotha


Matombo
14 Aprili 2024

Mwanangu Devotha,

Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo? Masika ya huku yamekuja kwa hasira. Barabara imekatika kwenye korongo, na Abdulatif amekaa na fuso lake upande wa pili kama mtu aliyenuniwa na mkewe. Sijui barua hii itakufikia lini. Umesema nisitume ndizi, basi nimetuma mdalasini. Huo hukuukataza.

Sikuandikii kubishana. Niligeuka, ni kweli, na mtoto alikuwa mwepesi. Nilipogeuka tena alikuwa ameshalala kifudifudi juu ya lile jiwe.

Nataka tu ujue kwamba bado natafuta. Usinicheke. Mvua ikishusha udongo pale mlangoni, vitu vilivyozikwa vinaibuka. Nimepata kifungo cha koti la marehemu baba yako. Nimepata punje ya rozari uliyoikata siku ya Kipaimara chako ukasema imejikata yenyewe. Nimepata jino pia, lakini la mbuzi. Jirani yangu Editha anasema nimeanza kuchanganyikiwa, mtu mzima anachekecha udongo kwa chekeche la unga. Nikamwambia unga tutakula ugali wake kesho, leo niache.

Nikilipata nitalirusha inavyotakiwa, na panya nitamwomba radhi. Jino litaota, Cecilia atavua sweta, na wewe utamleta. Hayo ndiyo mawazo yangu, sina mengine.

Mama yako,
Catherine


Matombo
7 Julai 2024

Mwanangu Devotha,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujanijibu, lakini natumaini ni kazi. Huku baridi ya mwezi wa saba imeshika, ukungu unaingia mpaka jikoni.

Juzi niliona kitu cheupe kwenye udongo, kidogo, upande mmoja umechongoka. Sikungoja hata kukiosha, nikakirusha juu ya bati na maneno yake yote nikayasema. Fidelis alipopanda kukitazama akasema ni kipande cha sahani ya kauri. Panya wa nyumba hii sijui ananifikiriaje.

Mguse shavu mke mwenzangu kwa niaba yangu. Huna haja ya kumwambia ni nani aliyekutuma.

Mama yako,
Catherine


Bigwa
1 Septemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena kwa barua zako mbili ambazo niliziacha kwenye droo ya cherehani bila kuzijibu. Hujambo? Kifua, magoti? Sisi ni wazima, ila nina habari, na nakuomba ukae kitako kabla hujaendelea kusoma.

Mwezi uliopita ufizi wa Cecilia ulivimba juu ya lile pengo, ukatoa usaha. Nikampeleka mjini kwa daktari wa meno, mama mmoja mpole anaitwa Shadia. Akamtazama, kisha akaniuliza kama mtoto aliwahi kuumia mdomo akiwa mdogo. Nikamwambia ndiyo, alianguka akiwa na miaka miwili na nusu, jino likatoka na likapotea majanini. Akaniuliza, “Nani aliliona likitoka?” Mama, hakuna aliyeliona. Wewe hukuliona, mimi sikuliona. Tuliona damu na uvimbe, na uvimbe uliposhuka tukaona pengo, tukasema limepotea.

Akampiga picha ya eksirei, akaiweka kwenye mwanga na kunionyesha kwa ncha ya kalamu. Jino la utoto halikutoka. Lile jiwe lililigonga likapanda juu, likazama lote ndani ya ufizi, na huko likashikana na mfupa. Limekaa hapo miaka yote hii. Akanieleza kwamba meno ya ukubwani hayaji kutoka hewani. Mtoto wa miaka miwili anayo tayari ndani ya taya, nyuma ya mizizi ya meno ya utoto, yanaumbika polepole na bado ni laini. Jino dogo likisukumwa juu, linalipiga lile kubwa ambalo halijakomaa. Watoto wengine huota jino lenye madoa ya kahawia au mashimo. La Cecilia lilipigwa likapinda, likaendelea kukua likiwa limepinda hivyohivyo. Sasa limelala, limeelekea juu puani. Haliwezi kuota. Watafanya upasuaji mdogo kuyatoa yote mawili, halafu atavaa jino la bandia la kuvaa na kuvua mpaka uso wake umalize kukua, ndipo atawekewa la kudumu.

Nikamuuliza lile swali lililonikaa kooni: kama angeletwa siku ileile? Akasema lile jino changa liliumia papo hapo, mtoto alipogonga jiwe, na hakuna mkono wa daktari ambao ungelirudisha lilivyokuwa. Wangejua mapema tu, wangefuatilia, na sisi tusingekaa miaka tukingoja kitu kisichokuja. Akasema amewahi kutibu watoto walioanguka kutoka kitandani, baba upande huu na mama upande ule. Alisema bila kunitazama, anaandika, lakini mimi nilisikia.

Mama, acha kuchekecha udongo. Jino halikuwa pale hata siku moja. Ninaona aibu kuliko ninavyoweza kuandika. Upasuaji ni Novemba, na akishapona, Desemba namleta kwako. Nimeshamwambia Athanas aombe likizo.

Mwanao,
Devotha


Matombo
22 Septemba 2024

Mwanangu Devotha,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini usaha umekauka na mtoto analala vizuri. Mimi sijambo.

Barua yako Fidelis alinisomea, kisha nikamnyang'anya nikasoma mwenyewe. Editha aliposikia akapiga vigelegele, akasema basi mama, umefutiwa mashtaka, upike pilau. Nami nilidhani nitafurahi. Nilingoja furaha ije, haikuja, na nikaanza kukumbuka.

Siku ile, kabla hujafika, nilimpakata nikamfuta damu. Alikuwa ameweka kidole mdomoni anasema, “Umu, bibi. Umu.” Unakumbuka alivyokuwa akisema wakati ule, nusu ya herufi zinamponyoka. Mimi nikasikia “uma”. Nikamjibu, najua inauma mama yangu, itapona. Nikamsukutulisha maji ya chumvi. Akarudia, “Umu.” Akanishika mkono, akauvuta kuelekea mdomoni mwake. Nikajua ni maumivu yanamsumbua, nikautoa mkono wangu, nikamweka kwenye mkeka, nikatoka nje kwenda kutafuta jino.

Alikuwa anasema humu, Devotha. Jino liko humu. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua lilipo, naye alinionyesha kwa kidole, nikamjibu mambo ya chumvi.

Daktari amesema isingebadilisha kitu, na ninamwamini, maana amesoma na ameona. Lakini ninaumia. Nimehuzunika miaka sita kwa ajili ya jino ambalo halikupotea, na yule mtoto aliyekuwa akiniita nimsikie, sikumhuzunikia hata siku moja. Nikimwona nitamwomba arudie kusema, nami nimsikilize vizuri. Atanishangaa, basi anishangae.

Haya, niyaache. Desemba ni karibu. Chumba cha nyuma nimempa Fidelis akipake chokaa. Jogoo nimeshamteua, yeye mwenyewe hajui. Mwambie mke mwenzangu kwamba kitanda ni kikubwa na babu yake hayupo wa kugombania blanketi, tutalala wawili.

Mama yako,
Catherine


Bigwa
29 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Heri ya Noeli, japokuwa najua haikuwa ya heri. Najua mlitungoja. Fidelis amenitumia ujumbe kwamba ulikaa barabarani mpaka gari la mwisho likapita, na ukamzuia kunipigia simu.

Nitakueleza yote. Upasuaji ulikwenda vizuri. Kidonda kimepona, na jino la kuvaa amepewa, linafanana na mwenzake. Siku ya safari tulifunga mizigo, nikamvisha gauni jipya nililomshonea, tukaenda stendi. Tulipolifikia gari la Matombo akakaa chini juu ya begi. Akasema haendi. Nikadhani ni woga wa barabara. Akasema, “Siendi kwa bibi. Bibi ndiye aliyeniharibu mdomo.”

Nikachuchumaa nikamwambia si bibi, ni ajali, daktari ametueleza. Akaniambia, “Wewe ndiye ulisema.” Nikamwambia nilikosea. Akasema, “Ulisema ni ukweli.” Athanas akataka kumbeba kwa nguvu ampandishe, akalia mpaka akatapika kwenye lile gauni, watu wakatuzunguka. Tukarudi nyumbani.

Tangu siku hiyo namwambia asubuhi, namwambia jioni, kwamba bibi hana kosa. Nimemtolea mpaka ile picha ya eksirei. Anaitazama, kisha ananitazama mimi. Jana, nikiwa nakata kitambaa, alinijia akaniuliza kwa upole kabisa, “Mama, uliniongopea zamani au unaniongopea sasa?”

Nikauweka mkasi chini. Tangu hapo ananiangalia ninaposema hata kwamba chakula kimeiva, anakwenda kufunua sufuria mwenyewe.

Nilimwambia jambo hilo akiwa mdogo sana, mama. Nilidhani namwambia mtoto, kesho atasahau. Sijui nifanye nini. Niambie.

Mwanao,
Devotha


Matombo
12 Januari 2025

Mwanangu Devotha,

Tumsifu Yesu Kristo. Nashukuru Mungu mtoto amepona na jino lake linafanana na mwenzake. Sisi huku ni wazima. Ndizi nilizowavundikia ziliiva, nikawapa watoto wa Editha. Jogoo yupo, naona anajidai.

Nimelia, sitakuficha. Nililia siku ya kwanza na ya pili, halafu nikaenda kupalilia, maana magugu hayangoji mtu amalize kulia.

Umeniuliza ufanye nini. Acha kumwambia kwamba si mimi. Acha kabisa. Akikuuliza tena lile swali, mjibu kwamba zamani hukumwongopea. Wala hutakuwa umesema uongo: nilikuwa naye, nikageuka, akaanguka. Ishia hapo.

Najua unataka kunirudishia heshima yangu. Asante, mwanangu, nimeipokea, ninayo huku ndani ya barua yako. Lakini tazama inavyomgharimu mtoto. Amekaa miaka yote akijua jambo moja kutoka mdomoni mwako, na sasa unaligeuza. Ameshaanza kufunua masufuria. Kesho atafunua na mengine. Ukimwambia ni mzuri, atajiuliza. Ukimwambia unampenda, atajiuliza. Na kwako ndiko anakokula, kwako ndiko atakakokimbilia akivunja ungo, akipata mchumba, akifiwa. Mtoto anaweza kuishi bila kumpenda bibi aliye mlimani. Bila kumwamini mama yake hawezi.

Basi kosa liache kwangu, huku halimzuii mtu kula wala kulala. Usimlazimishe kuja. Akiwa mtu mzima, akikuuliza mwenyewe, mtolee ile picha umweleze yote. Mimi nitakuwapo au sitakuwapo.

Sisemi kwamba ni rahisi. Kile chumba cha chokaa nimekifunga, kwa sababu nikipita nachungulia.

Nina ombi moja tu. Siku ukimwona anacheka bila kuinua kola, mpige picha, uisafishe kwenye karatasi, umpe Abdulatif aniletee. Usimwambie inakwenda kwa nani.

Mama yako,
Catherine